Kuku wa Betri na Mbuzi wa Bibi

Harufu ya maziwa ya unga yanapokorogwa kwa maji ya vuguvugu hainipendezi wala hainichukizi. Inanifanya niondoke tu. Walimu wenzangu hapa Ukunda wameshanizoea: Mwalimu Akinyi akifungua mkebe ofisini ili amtengenezee mwanawe chupa, mimi huchukua madaftari yangu ya kusahihisha nikaenda kukaa nje kwenye ngazi. Hakuna anayeniuliza kitu.

Juzi alinifuata huko nje, mtoto begani.

“Mejumaa, hebu niambie wewe,” alisema. “Huyu wangu mkubwa anataka paka, na landilodi hataki wanyama kwa ploti. Nimemwekea ile gemu ya paka kwa simu. Analisha, anaosha, analaza. Sasa dadangu ananiambia ati nitamharibu, ati atakuja kuona wanyama wa ukweli ni kama picha. Mimi naona inamfunza huruma. Wewe ni mtu wa hapa, mmefuga kwenu. Unaonaje?”

Nikamwambia sijui. Nadhani aliona nimemkata maneno, kwa sababu alisimama kidogo, akampapasa mtoto mgongo, kisha akarudi ndani. Lakini nilikuwa nimesema kweli. Jibu sina. Nina kisa kimoja tu, nacho sijapata kumsimulia mtu yeyote isipokuwa Bibi yangu.

Rika langu watakikumbuka kile kidude. Kilikuwa cha plastiki, umbo la yai, chenye kioo kidogo cha kijivu na vitufe vitatu chini yake, kikining’inia kwenye mnyororo wa ufunguo. Ndani ya kioo mlikuwa na kinyama cha nukta nyeusi kilichoanguliwa, kikakua, kikala, kikanya, kikalala. Wengine waliviona mikononi mwa watoto wa wageni pale ufukweni Diani, wengine walivisikia tu. Mimi nilikuwa nacho. Baba alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, akirudi kwetu mara moja kwa wiki, vidole vimepauka na kukunjamana kwa sabuni. Alikikuta kimeviringishwa ndani ya shuka za wageni waliokwisha kuondoka. Kikawekwa kabatini na vitu vingine vilivyosahauliwa, kikakaa huko mpaka msimamizi alipoona hakuna atakayekiuliza, akamwambia Baba ampelekee mwanawe.

Nilikuwa darasa la nne. Kijiji chetu kiko bara kidogo ya Msambweni, njia ya kuendea Kikoneni, ambako bahari huisikii wala huinusi. Watu wa huko ni wa muhogo, mpunga wa mabondeni na mifugo. Mtoto wa huko akipewa kitu kinacholia chenyewe mfukoni, habari zake hufika hata kwa wasiomjua. Wasichana wa darasa letu walikiita kuku wa betri. Mimi nilikiita Pipi, kwa sauti yake: pi, pi, pi.

Pipi alikuwa na mioyo minne midogo juu ya kioo. Akishiba, mioyo yote ilikuwa myeusi. Akianza kuona njaa, moyo mmoja ulibaki duara tupu, kisha wa pili, na hapo ndipo alipolia. Ukibonyeza kitufe alikula, mioyo ikajaa tena, akanyamaza. Akinya, kichuguu kidogo kilitokea pembeni, ukibonyeza kinafagiwa. Akiugua, ilitokea picha ya sindano, ukimdunga mara mbili anapona. Na ukimsahau kabisa alikufa, kwenye kioo kikabaki kinyama chenye mabawa kikipepea juu ya nyota. Mara ya kwanza alipokufa nililia mpaka nikatapika. Binamu yangu mmoja mkubwa akanionyesha: shika vitufe viwili kwa pamoja. Nilipovishika likatokea yai jipya, likatikisika, likapasuka. Mara ya pili alipokufa sikulia. Mara ya tatu niliona kero tu, kwa kuwa alikuwa karibu kukua.

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba yetu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakuwa jeupe na la kulia lilikuwa na ukungu, lakini alikuwa na mbuzi sita, na kila mmoja alimjua kwa kumpapasa masikio na kwa sauti. Asubuhi alikwenda zizini akitanguliza mkono, akiwaita mmoja mmoja, nao wakamjia. Mwanawe mdogo, Ami Salimu, aliyekuwa akikaa Lungalunga, alikuwa kila akija akisema mama ameshakuwa mtu mzima, heri mbuzi hao wahamie kwake. Bibi alimjibu kwamba siku atakayoshindwa kumlea mwana mbuzi, waje wawachukue.

Nilipompelekea Pipi amwone, alimweka sikioni.

“Kiko hai hiki?”

“Kiko hai, Bibi.”

“Kina damu?”

“Hakina.”

“Kinakula nini?”

“Nabonyeza hapa.”

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. “Haya, mke mwenzangu,” akasema, maana ndivyo alivyoniita akifurahi. “Angalau zizi lake halina kufagia.”

Kisha mmoja wa mbuzi wake akazaa pacha, akafa baada ya kuzaa. Mwana wa kike alikubaliwa na mbuzi mwingine aliyekuwa akinyonyesha. Wa kiume alikataliwa. Kila akisogea alipigwa kichwa. Bibi alimbeba, akaja akaniwekea pajani, bado ana unyevu, rangi yake nyekundunyekundu kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa.

“Huyu wako,” alisema. “Wewe si mlezi wa kuku wa betri? Mlee na mwenye roho tuone.”

Nikamwita Shaba. Majuma mawili ya kwanza nilimlea chini ya mkono wa Bibi, na ninaweza kusema nilimlea vizuri. Baba alileta mkebe wa maziwa ya unga. Tulikoroga kwa maji ya vuguvugu, tukatia katika chupa ya soda iliyovishwa chuchu ya mpira. Nusu chupa, mara nne kwa siku. Bibi hakuweza kuona kiasi, alikipima kwa kidole: aliweka kidole cha shahada katikati ya chupa, nami nikamwambia maziwa yamefika. Shaba alinyonya akitikisa mkia kama uliotiwa mori, akipiga magoti, povu likimtoka pembeni mwa kinywa. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu, nzito, ile ile inayonitoa ofisini siku hizi.

Jambo moja lilinitatiza: Shaba hakuwa na mioyo. Nilimtazama usoni, nikamtazama chini ya mkia, sikuona mahali palipoandikwa kama ameshiba au la. Nilipomuuliza Bibi nitajuaje, alinishika mkono akaupeleka tumboni mwa Shaba.

“Hapa pawe pamejaa lakini palegee. Pakikaza kama ngoma, umezidisha. Kisha mtie kidole kinywani. Kinywa kikiwa baridi, acha kila kitu uje uniite.”

Nilisema ndiyo, nimeelewa. Lakini kwa mtoto wa umri ule, kushika tumbo na kutia kidole kinywani yalikuwa mambo ya watu wasioona. Nilidhani Bibi anafanya vile kwa sababu ya macho yake. Mimi niliyekuwa na macho mazima niliona kazi yangu ni kungoja alie. Pipi alikuwa amenifunza hivyo: mwenye shida hulia, na asiyelia hana shida.

Dadake Bibi alifariki kule Majoreni. Ami Salimu akaja kumchukua aende matangani, akae siku tatu. Kabla ya kuondoka Bibi alinikalisha chini, akashika chupa tupu, akaweka kidole pale katikati.

“Nusu chupa. Asubuhi, ukitoka shule, baada ya alasiri, na kabla hujalala. Usizidishe hata akililia. Tumbo lake ni kama ngumi yako. Umesikia?”

“Nimesikia, Bibi.”

Kidole kile ninakiona mpaka leo, na pete yake nyembamba ya fedha iliyokuwa imezama nyamani.

Mama alikuwa akishinda bondeni kwenye mpunga, kwa hivyo Shaba alibaki wangu peke yangu. Siku ya kwanza asubuhi nilimpa nusu chupa, nikaenda shule na Pipi ndani ya soksi. Wakati wa mapumziko wasichana walipanga mstari nyuma ya vyoo ili kila mmoja abonyeze mara moja. Mimi niliyekuwa nikikaa dawati la nyuma, ambaye hata mwalimu alichanganya jina langu na la mwingine, siku zile nilichaguliwa kwanza kwenye kila mchezo. Tulipotoka tuliambatana moja kwa moja hadi chuoni kusoma Kurani, na baada ya chuo tukakaa barazani kwa mmoja wao. Sikurudi mpaka jua limeshakuwa jekundu. Nilimsikia Shaba tangu njiani, sauti imemkauka. Nikaona aibu, maana majirani walisikia. Sikuona huruma, niliona aibu. Tofauti hiyo niliijua baadaye sana.

Siku ya pili nilifikiri nimepata dawa. Pipi ukimjaza mioyo yote minne asubuhi, alikaa kimya mpaka mchana. Kwa hivyo nikakoroga maziwa ya siku nzima kwa mara moja. Shaba alimaliza chupa ya kwanza, tele, akitikisa mkia. Ya pili alinyonya mpaka nusu, akaiachia. Nilimshika taya, nikamminyia iliyobaki, yakawa yanampitia puani, anapiga chafya. Nilipomweka chini alisimama miguu imetanuka. Nilimpapasa tumbo. Lilikuwa gumu. Nikaona vizuri: amejaa, mioyo yote.

Niliporudi jioni alikuwa kimya, nami nikafurahi. Alikuwa amejikunja pembeni mwa zizi, na chini ya mkia wake palikuwa na majimaji ya manjano. Nikajua anaumwa, hilo sikulikosea. Nikaenda kwenye mkebe wa dawa za Mama nikatoa vidonge vyeupe viwili, sijui vya nini, nikavisaga na kumtia kinywani. Viwili kwa sababu Pipi alidungwa mara mbili. Kinywa chake kilikuwa baridi. Nilikisikia kwa kidole changu hiki kuwa ni baridi, na nikakumbuka kwamba Bibi alisema kitu kuhusu hilo, lakini alikuwa amesema nimwite yeye, naye hakuwepo.

“Mwana mbuzi ameshiba?” Mama aliniuliza akiwa jikoni.

“Ameshiba, Mama.”

“Mbona simsikii?”

“Ndiyo ameshiba.”

Siku ya tatu haikuwa ya shule. Nilimpa tena maziwa, mengi yakamwagika kifuani kwake, machache yakaingia. Kisha nikakaa naye kwenye kivuli cha ukuta wa zizi. Alilala ubavu, shingo yake ameilaza juu ya mguu wangu. Alikuwa akisaga meno. Nilisikia wazi, kr, kr, kr. Mbuzi wakubwa hucheua, nami nikadhani ameanza kucheua, ameshakua. Nakumbuka nilijisifu. Nilipanga maneno nitakayomwambia Bibi akishuka kwenye gari: Bibi, Shaba anacheua.

Pipi akalia. Nilimtoa mfukoni, nikaona mioyo miwili mitupu na kichuguu cha mavi. Nikamlisha. Nikamfagilia. Akaruka ruka kama alivyofanya akifurahi, nami nikamtazama mpaka akamaliza kuruka. Ule mlio wa meno ulikuwa umenyamaza na sikujua ulinyamaza saa ngapi. Shaba alikuwa amefumbua jicho, na inzi anatembea juu yake.

Mama alipofika na kumwona alipiga ukelele wa kumwita jirani yetu, Mzee Bakari, aje na kisu amchinje kabla hajafa, angalau nyama isipotee. Mzee Bakari alikuja mbio, kisu mkononi, akachuchumaa, akamgusa jicho kwa kidole. Akarudisha kisu kwenye ala.

“Huyu ameshajifia,” alisema. “Ni mzoga huu.” Kisha akabonyeza tumbo. “Mbona limefura hivi? Alipewa nini?”

“Maziwa,” nikasema.

“Maziwa tu?”

“Maziwa tu.”

Wakachimba nyuma ya zizi, wakamfukia. Mama alinitazama, akaniona macho makavu, akamwambia Mzee Bakari kwa sauti ya chini, “Mwache, ameshikwa na uchungu.” Sikuwa na uchungu. Nilikuwa nikingoja. Kwa Bibi kulikuwa na mbuzi wawili wenye mimba, na akili yangu ya mtoto iliona jambo hili lina kawaida yake: mmoja akienda, mwingine huja, mtu anavumilia kidogo tu. Nilijua kabisa kwamba Shaba hatafufuka. Nilichodhani ni kwamba atakayekuja atakuwa sawasawa naye, na kwamba hesabu itaanza upya, bila mtu kukumbuka ya nyuma.

Bibi alirudi siku ya pili yake pamoja na Ami Salimu. Alikuwa ameshaambiwa njiani. Hakuuliza kitu, alikwenda zizini akapapasa wengine, kisha akaja akakaa kwenye kigoda ukumbini. Ami Salimu alikuwa ameushika mkebe wa maziwa, akautikisa, akausikia mwepesi.

“Mkebe huu kaka ameuleta juzi,” alisema. “Mejumaa, njoo. Shikamoo hujui?”

“Shikamoo, Ami.”

“Marahaba. Ulikuwa ukimpa kiasi gani yule mwana mbuzi?”

Mama alikuwepo. Bibi alikuwepo, uso ameuelekeza kwenye sauti zetu. Nilikuwa nimetia mkono mfukoni, nimemshika Pipi.

“Chupa tele,” nikasema. “Mbili. Asubuhi.”

“Nani alikwambia chupa tele mbili?”

Ningeweza kusema hakuna. Ningeweza kulia, na mambo yangeishia hapo, kwa kuwa kwetu mtoto hakupigwa kwa ajili ya mbuzi. Sijui hata leo niliogopa nini. Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka kwamba maneno yalitoka mepesi.

“Bibi ndiye aliyeniambia.”

Ami Salimu hakumtazama mama yake, alimtazama mama yangu, kama anayesema: si niliwaambia? Mama akainamisha kichwa. Bibi aliinua kidole cha shahada, akakishikashika kwa mkono wa pili, akaizungusha ile pete isiyozunguka.

“Nilisema nusu,” alisema polepole.

“Mama, mtoto huyu atayatoa wapi maneno hayo?” Ami Salimu akamjibu, na alimjibu kwa upole, sitamsingizia. “Macho yamechoka, na fikira nazo zinachoka. Si aibu.”

Bibi alikuwa akiutafuta uso wangu kwa lile jicho lake la ukungu, nami nilisimama pale pale, sikusogea.

“Huenda,” akasema mwishowe. “Huenda nilisema tele.”

Juma lililofuata pikapu ilikuja kuwachukua mbuzi. Bibi alisimama mlangoni mwa zizi, kila mmoja akipitishwa anamshika masikio na kumtaja jina, mpaka wakaisha. Akabaki ameunyoosha mkono kidogo, kama anayengojea mwingine. Baada ya hapo hakuwa na sababu ya kuamka na mapema. Alikuwa akiketi kwenye kigoda mpaka jua linapomfikia, Mama anamsogeza. Alipoteza ile tabia ya kutanguliza mkono akitembea, kwa kuwa hakutembea. Jicho la kulia likafunga kabisa kabla mwaka haujaisha. Hakuniita tena mke mwenzake. Si kwa hasira. Nadhani alisahau tu kucheka.

Mimi nilimtunza Pipi. Sikuwa nimewahi kumtunza namna ile. Alikua mpaka akawa kinyama kikubwa chenye mdomo mrefu, ambacho binamu yangu alisema hajapata kukiona. Sikumwacha alie hata kidogo. Wageni waliokuja nyumbani walinisifu: mtoto huyu ana moyo, tazama anavyokishughulikia kitu kisicho na uhai, atakuja kuwa daktari. Kisha betri ikaisha. Ilikuwa ile ya duara, ndogo kama kifungo, na Baba aliitafuta Ukunda asiipate. Kioo kikafifia pole pole, nami nikamweka kwenye kopo la vifungo vya Mama, na siku moja kopo likatupwa.

Tangu hapo sijafuga kitu. Siwapigi wanyama wala siwabembelezi. Pale Diani tumbili akigongwa barabarani watu husimama, wengine hulia, watoto wa shule hufunika nyuso. Mimi hutazama saa yangu. Nimejiuliza kama ni kidude kile kilichonikausha. Lakini nikikumbuka kwa haki, Pipi hakunifunza kumchukia Shaba. Alinifunza kwamba anayenyamaza ameridhika, na hilo la pili, kwamba kosa lina vitufe viwili vya kulifuta. Nilipomsingizia Bibi nilikuwa nikivitafuta hivyo vitufe, na nilivipata. Pengine mtoto mwingine angecheza na kidude kile kile akatoka na huruma tele. Ninawaona darasani wanaobeba vifaranga mifukoni, na wengine wenye simu, na sijaona ni upande gani ulio na roho laini zaidi.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani. Bibi ni mkongwe sasa, amekuwa mwepesi hata mtoto angembeba. Haoni mwanga wala giza, lakini akili yake ni nzima, anayataja majina ya wajukuu wote na vijukuu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka ua wa nyuma. Nikamwamkia, akaitikia, akaupapasa uso wangu kama alivyokuwa akipapasa masikio ya mbuzi wake, akanitaja jina. Tulikaa. Nikamwambia bila kutangulia na maneno mengi.

“Bibi, yule mwana mbuzi aliyekufa ulipokwenda Majoreni. Nilimuua mimi. Ulisema nusu chupa. Mimi nikasema uongo.”

Aliendelea kunishikashika vidole.

“Salimu amekutuma?”

“La, Bibi. Hakuna aliyenituma.”

“Nani amekuambia mimi nina huzuni?”

“Hakuna. Nakwambia kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Uliweka kidole katikati ya chupa. Kidole hiki.”

Nikakishika kile kidole. Pete haikuwepo, ilikuwa imekatwa zamani vidole vilipovimba. Bibi alitikisa kichwa taratibu.

“Nilisema tele, Mejumaa. Miaka yote hii najisikia mwenyewe nikilisema neno hilo. Naisikia mpaka sauti yangu. Tele, nikasema. Mtoto nikamwachia balaa, na mwana mbuzi wa watu akafa.”

“Hukusema, Bibi. Wallahi hukusema.”

“Usiape.” Akaniwekea kiganja mdomoni, kikavu, chepesi. “Usinibebee, mwanangu. Mimi mzigo huu nimeshauzoea. Wewe tangu mdogo ulikuwa na moyo huo, huwezi kuona mtu ana uzito ukamwacha. Unadhani nilikuwa sijui? Kile kitu chako kilikuwa hakilii hata mara mbili, umeshakiitikia.”

Nilimweleza tena tangu mwanzo, vidonge, chupa mbili, jinsi alivyokuwa akisaga meno kwa maumivu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni anayesimulia habari za jamaa usiowajua. Nilipomaliza aliniomba nimsogezee mkeka, jua lilikuwa limemfikia miguuni. Nikamwinua, nikauvuta mkeka hadi kivulini, nikamkalisha. Akanishukuru. Akaniuliza kama nimepata mchumba, nikasema bado. Basi akainua mikono yake miwili, akaniombea Mungu anijaalie mume mwema na watoto wenye huruma kama mimi.

Nikaitikia amina.